Mguu Ambao Papa Bokilo Alikataa Kuuona

Mama zangu na dada zangu mliolala hospitalini, na ninyi wanaume wa chumba cha pili mnaosikiliza ukutani mkidhani hatujui: sista ameniomba niandike maneno ya kuwatia moyo, ayasome kwenu wakati wa kufunga vidonda. Alisema niandike kwa upole. Upole sina. Nitaandika jinsi ilivyokuwa, na atakayechukia asikilize vilevile, maana hawezi kukimbia.

Kabla ya ajali nilikuwa mwanamke wa miguu miwili na mdomo mmoja, na mdomo ndio uliofanya kazi zaidi. Jina langu Albertine. Nimezaliwa Yanonge, kwa wavuvi. Nilimaliza sekondari kwa masista, nikaja Kisangani kutafuta kazi ya kufundisha. Badala ya kazi nikampata Ramazani, fundi cherehani wa Kabondo. Yeye ni Mwislamu wa ukoo wa zamani wa mjini, mimi ni mtoto wa misa na samaki. Watu walisema hatutamaliza mwaka. Tulimaliza, kwa sababu Ramazani anaongea kidogo. Tukapata mtoto, Furaha.

Tuliishi katika ua wa baba yake, Papa Saidi, shefu, yaani mkuu, wa mtaa. Papa Saidi ni mtu wa heshima, na heshima yake ilikuwa inanichosha. Kwetu sisi wote, wa msikiti na wa kanisa, bokilo ni bokilo: mke wa mtoto na baba mkwe hawazoeani, hawashikani mikono, hawatazamani ovyo. Lakini yeye alizidi. Tangu harusi hakuwahi kuniambia neno moja kwa moja. Kama Ramazani hayupo, aliongea na paka.

"Paka," anasema, "ambia mama Furaha, leo pondu iko na chumvi mingi."

Na mimi, mpishi wa hicho kisamvu, namjibu paka.

Wakati huo waasi walikuwa wameshika mji. Ukiwaita waasi walikasirika, walisema wao ndio serikali. Sawa. Petroli ya hiyo serikali ilikuwa kwa askari tu, sisi wengine tulipanda toleka, yaani baiskeli yenye kiti cha abiria nyuma. Cherehani ya mume wangu ilikuwa imeibwa siku za mabomu, kwa hiyo alishona kwa mkono, kola moja kwa siku kama ana bahati. Mimi nilikuwa nauza kwanga, mkate wa muhogo.

Siku moja natoka soko, Furaha mgongoni, kapu la kwanga mapajani, niko juu ya toleka. Gari la askari likatokea nyuma, linapiga honi kama harusi. Mwenye toleka akalia: "Mama, shika!" Nishike nini? Yeye mwenyewe alikwisha kuruka! Mimi, mtoto, kwanga na baiskeli tuliingia mtaroni. Kitambaa cha mgongoni kilifunguka, Furaha akaangukia kapu. Hakuumia hata kidogo. Nilipomwangalia alikuwa ameanza kula.

Mimi niliangalia mguu wangu wa kushoto. Chini ya goti mfupa ulikuwa umetoka nje, mweupe kama muhogo uliomenywa. Wa toleka alikuja, akaangalia mfupa, akaangalia gurudumu.

"Mama," alisema, "baiskeli yangu imepinda."

Maneno niliyomjibu sista hatayasoma.

Hapo ndipo tulipofanya kosa, na nawaomba mlisikie vizuri. Zahanati walinifunga bandeji wakasema, nendeni hospitali leo leo. Nyumbani wakasema, hospitali hakuna plasta, hakuna dawa, kuna vita. Papa Saidi akamwambia paka kwamba kuna fundi wa mifupa amefika kutoka Bengamisa. Fundi akaja.

Mnajua wanavyofanya. Alinifunga vipande vya mwanzi na majani yaliyopondwa, kisha akaomba kuku. Tulimpa kuku mmoja jike. Akamvunja mguu, wa kushoto vilevile, akamfunga mwanzi mdogo na majani yale yale. "Siku kuku anatembea," alisema, "na mama anatembea."

Kuku alipona. Nawaapia, alipona vizuri sana. Alikuwa anatembea mbele ya mlango wangu, anarudi, anatembea tena, ananiangalia kwa jicho moja. Mimi nilikuwa nimelala na homa, mguu umevimba kama ndizi ya kupikia, majimaji ya kijani yanatoka kati ya mianzi, na harufu yake ilikuwa inafika barabarani. Nzi walinijua kwa jina. Vidole vikawa vyeusi. Nilivibonyeza kimoja kimoja, sikusikia kitu. Furaha akisogezwa kunyonya aligeuza kichwa na kulia. Hiyo ndiyo iliyonichoma kuliko mfupa.

Ramazani aliona mtoto anakataa ziwa. Alienda kuazima mkokoteni wa kubebea makaa, akanipakia, akanisukuma mpaka hospitali akilia njia yote. Nilifika mweusi wa makaa kiasi kwamba dokta aliuliza kama nimeungua.

Dokta alikuwa mwembamba, amechoka, ana kandambili. Alifungua mianzi, akafunga tena.

"Madame, huu muguu umekufa," alisema. "Weye bado. Tuharakishe kabla hamujafanana."

Ramazani alimshika mkono wa koti. "Docteur, pardon. Hapana namna ya kupunguza kidogo, tuone kwanza?"

"Papa, hii si suruali."

Walinichoma sindano ya mgongo, nikafa nusu ya chini tu. Masikio yalikuwa hai. Nilisikia msumeno. Mtu akikwambia hakusikia msumeno, yeye alibahatika kulala. Mimi nilimuuliza dokta amefika wapi. Alisema, "Mama, imba." Nikaimba wimbo wa komunyo, na muuguzi akaitikia sauti ya pili, vizuri kabisa.

Walikata chini ya goti. Goti lilibaki, nalishukuru mpaka leo. Mguu wenyewe walimkabidhi Papa Saidi, umefungwa kwa shuka. Aliuzika nyuma ya nyumba kwa adabu zote. Majirani walikuja na kahawa, wakakaa kwenye mkeka kimya, wakasema pole. Kwa hiyo nilikuwa mgonjwa na mfiwa kwa pamoja. Na vidole vilivyokuwa kaburini viliendelea kuwasha. Ninyi mliokatwa mnajua. Kidole hakipo, lakini kinawasha, na huna pa kukuna. Msiogope, si uchawi. Dokta alisema kichwa bado hakijapata habari.

Nilirudi nyumbani na magongo. Nikadhani taabu imeisha. Kumbe ukoo ulikuwa umekaa kikao bila mimi. Ramazani aliniletea maneno yao, uso chini: nitaenda Yanonge kwa mama yangu, nikapumzike.

"Mpaka lini?"

"Mpaka utapata nguvu."

"Mpaka muguu utaota, ndiyo wanasema? Na Furaha?"

Akaangalia mlango. "Furaha anabaki. Mutoto ni wa ukoo. Papa anasema, weye hauwezi kuchota maji, hauwezi kutwanga. Nani atalisha mutoto?"

Mama zangu, mguu nilikuwa nimewapa. Mtoto hapana. Nilimwambia Ramazani akamwambie baba yake, na kama haya inamzidi amtume paka, kwamba nitapata kazi ya kukaa, kazi ya mshahara, na mtoto atakula mkononi mwangu. Papa Saidi alijibu kupitia dirisha, akimwambia paka: "Kama anapata kazi, anabaki. Lakini nani anapataka kazi na muguu moja, wakati batu ya miguu mbili banalala njaa?"

Basi, nadhani Mungu alikuwa anasikiliza redio. Wiki ile serikali yetu isiyotaka kuitwa waasi ilitangaza kwamba kila ofisi ya mji lazima ichukue mlemavu kazini kabla ya sikukuu ya Uhuru, kwa sababu wageni wa nje watakuja kuangalia jinsi watu wanavyoishi. Kulikuwa na nafasi kwenye foni, ile redio kubwa ya kuongea na Isangi na vituo vingine vya mto. Walitaka mtu anayejua Kifaransa, Kiswahili na Lingala, anayesikika vizuri. Ramazani aliposikia "anayesikika vizuri" alicheka mara ya kwanza tangu mtaroni.

Nilienda Makiso, katikati ya mji, kwenye ofisi ambako kamati ilikuwa inakaa. Nje tulikuwa umati: wa magongo, wa baiskeli za mikono, viziwi wanaogombana kwa vidole, na mzee mmoja kipofu anayeuza karanga, jina lake Tonton Bosco, mwenye mdomo kama wangu. Wazima pia walikuwemo. Mmoja alikuwa amekunja mguu ndani ya suruali, akachoka, akaufungua mbele ya wote kuupiga masaji.

Ndiyo maana kamati ilikuwa na sheria. Karatasi za dokta zilikuwa zinauzwa sokoni karibu na maharagwe, kwa hiyo hawakuzitaka. Walitaka shefu wa mtaa wako aangalie kilema chako kwa macho yake, pale pale, aseme: nimeona.

Shefu wa mtaa wangu mnamjua.

Papa Saidi alikuwa amekaa pembeni ya meza, kofia yake nyeupe kichwani. Aliponiona aligeuza kiti, akatazama ukuta. Mwenyekiti wa kamati, mtu wa tai na jasho, alisema: "Madame, onyesha. Shefu, angalia."

"Monsieur le Président," Papa Saidi aliuambia ukuta, "mimi iko shahidi ya mutaa yote. Lakini ule ni bibi ya mutoto yangu. Mimi siwezi kuona paja yake."

"Si paja!" nilisema. "Ni chini ya goti!"

"Ambieni ye, goti ni jirani ya paja."

Mwenyekiti alijifuta shingo. "Lakini papa, mutaa wote wanasema weye mwenyewe ulizika ule muguu."

"Nilizika kifurushi."

"Ndani ya kifurushi mulikuwa nini?"

"Shuka."

"Na ndani ya shuka?"

"Mimi sikufungua shuka ya bokilo yangu, monsieur! Weye ungefungua?"

Mwenyekiti alifikiri, akatikisa kichwa. Na yeye ana bokilo. Tonton Bosco akapiga kelele kutoka mlangoni: "Président, mimi iko tayari kuona pa nafasi yake!" Umati ukacheka mpaka askari wa mlango akaweka bunduki chini.

"Bon," alisema mwenyekiti. "Shahidi hakuona. Donc, mama ni muzima. Anayefuata!"

Mzima! Nilitoka pale mbio, gongo moja liliingia kwenye shimo la ngazi na nikakaa chini kama gunia. Mbele ya hospitali mimi ni maiti nusu, mbele ya ukoo mimi ni mzigo, mbele ya serikali mimi ni mzima. Nilimtukana mwenyekiti kwa Kifaransa cha masista, na nilipomaliza Kifaransa niliingia Lingala.

Nyumbani nilikaa mlangoni, Furaha amelala mapajani. Yule kuku akapita, anatembea kwa miguu yake miwili mizuri. Nikamwangalia. Naye akaniangalia kwa lile jicho.

Mnajua sheria ya haya. Bokilo akiona asichotakiwa kuona, aliyekosa analeta kuku. Mkubwa anapokea, haya imefutwa, hakuna anayeongea tena. Nikamwita Ramazani.

"Nikamatie ule kuku."

"Unataka kupika?"

"Nataka kulipa kosa."

"Kosa gani?"

"Sijafanya bado."

Ramazani aliangalia kuku. Kisha, mtu huyu asiyesema, akasema: "Papa ataniua." Akaenda kumkamata kuku.

Asubuhi tulirudi kamati. Mimi na magongo, Ramazani na kuku kwapani, Furaha mgongoni mwa baba yake, jambo ambalo soko zima lilikuja kulitazama. Papa Saidi alipotuona aligeuza kiti. Nilisimama katikati ya ofisi.

"Papa bokilo," nilisema, "nakuja kukukosea. Kuku ni huyu. Pokea, kisha nikose."

Papa Saidi aliuambia ukuta: "Kuku inafuata kosa. Haitangulii kosa. Hiyo sijaona."

"Hujaona kwa sababu hutaki kuona!"

Mwenyekiti aliwauliza wenzake wa kamati kama faini inaweza kutangulia. Mmoja wa Basoko akasema kwao haiwezekani, mwingine akasema inategemea kuku. Tonton Bosco, ambaye bado alikuwa anangoja zamu yake, akatoa hukumu: "Kama anapokea kuku, kosa imelipwa. Kisha mama hana ruhusa ya kutokosa!"

Ramazani alimnyooshea baba yake kuku. Papa Saidi akaficha mikono. Mikono ya Ramazani ilikuwa na jasho, na kuku ambaye alikwisha kuvunjwa mguu na watu wa nyumba yetu hakuwa na imani nasi. Akaruka. Alipita juu ya meza ya kamati, akamwagia mwenyekiti chai, akaingia chini ya meza.

Kuku anayetoroka ni kuku anayetoroka, hata mbele ya serikali. Kila mtu alisahau heshima. Mimi nilirusha gongo kumzuia, nikabaki na moja, nikateleza kwenye chai, nikaanguka chini na kitenge kikafunguka. Na Papa Saidi, ambaye anapenda kuku kuliko watu wengi ninaowajua, alikuwa ameshaingia chini ya meza kwa magoti upande wa pili. Alimkamata. Akainua kichwa na kuku kifuani.

Mbele ya uso wake, karibu kiasi cha kugusa, palikuwa na mguu wangu. Goti, kisha kipande kifupi, kisha mwisho wake wa mviringo na mshono unaokwenda upande kama njia ya mlevi.

Nilivuta kitenge. Kisha nikaacha kuvuta. Basi, aone.

Alikaa pale chini. Midomo yake ilikuwa inatafuta paka, nadhani, na paka hakuwepo.

"Mama," alisema. Aliniambia mimi, machoni. "Inaumaka?"

"Usiku, Papa. Na mvua ikikaribia."

Akaangalia tena. "Kumbe ni mufupi hivi." Machozi yalikuwa yanashuka kwenye ndevu. "Na hii mushono, ni nani alishona vibaya hivi? Ramazani angeshona muzuri zaidi."

"Ramazani alitaka wapunguze kidogo tu, Papa."

Alicheka chini ya meza, mzee yule, huku analia, na kuku anapiga kelele katikati yetu. Kisha akatoka, akapanga kofia, akamshika kuku vizuri kwapani ili kila mtu aone kwamba amepokelewa.

"Andika," alimwambia mwenyekiti. "Nimeona kwa macho yangu. Na andika tena, mutoto anabaki na mama yake."

"Papa, ile ya mutoto hapana kazi ya kamati."

"Andika!"

Akaandika.

Nilipata kazi ya foni. Tonton Bosco pia alipata, wakamweka kwenye simu ya posta, ingawa walimsumbua kwanza wakimpungia mkono mbele ya uso kuona kama atajibu. Alijibu kwa matusi, wakasema inatosha.

Lakini msipige makofi bado. Siku ya kwanza mwenyekiti mwenyewe alinikalisha mbele ya mashine, akanivisha tepe la rangi, akasema: "Mama, usiguse kitu. Weye kaa, tabasamu, bageni bakuone. Kazi itafanywa na jamaa ule wa nyuma." Nikaangalia nyuma. Kulikuwa na kijana wa miguu miwili, mpwa wa mtu, amelala.

Ndipo nilipoelewa walichokuwa wananunua. Walitaka mguu usiokuwepo. Sauti yangu hawakuihitaji.

Wageni waliingia na kamera zao. Wakati huo huo mama mmoja akapenya mlangoni, mchafu wa matope ya bandari, analia. Mwanawe alikuwa ametumwa Isangi kwa pirogi, mtumbwi wetu wa mto, watu walisema amezama. Mwenyekiti akamwambia arudi kesho, leo ni sikukuu. Mama akakaa chini kwenye sementi, akashika tumbo.

Nilivua lile tepe. Nikabonyeza kitufe.

"Isangi, Isangi, Kisangani iko naita. Parlez!"

Mwenyekiti alinikanyagia mguu chini ya meza. Alikosea, alikanyaga pasipo na mguu, akajigonga kwenye chuma cha meza. Mimi niliendelea kuita. Mashine ilikoroma, ikapiga miluzi, wageni wakashusha kamera. Mwisho Isangi ikajibu. Nikauliza jina la kijana, wakaenda kutafuta, tukangoja wote, hata mwenyekiti akiwa anashika ugoko. Kisha sauti ikarudi: kijana yuko, mzima, amelala kwa binamu yake, amelewa tangu jana.

Yule mama alisimama. Akacheka, akamtukana mwanawe kupitia mashine mpaka Isangi nzima ikasikia, akanishika kichwa kwa mikono yake ya matope, akaondoka. Tangu siku ile mlango wa foni haukukosa foleni, na yule mpwa wa mtu alihamishwa akalale ofisi nyingine.

Namshukuru Mungu, na dokta wa kandambili, na muuguzi wa sauti ya pili. Namshukuru Ramazani kwa mkokoteni. Papa Saidi namshukuru pia, sasa ananiambia mwenyewe kwamba chumvi imezidi, na mara nyingine natamani paka.

Ninyi mliolala, sikieni. Mfupa ukitoka nje, hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kuna mabomu, na kuku mwacheni na mguu wake. Kidonda kioshwe kila siku kwa maji yaliyochemka, hata kama mnalia. Lieni huku mnaosha. Mkitoka hapa, mtaambiwa hamwezi kitu, kisha mtaambiwa ni wazima, kisha mtaambiwa mkae mtabasamu. Ombeni kazi, na mkiipata iguseni kwa mikono miwili, kama mnayo.

Naandika haya kwenye meza ya kazi, Furaha ananivuta kitenge. Niacheni sasa. Isangi inaita.